Sukari Ikishuka: Maelekezo ya Muuza Duka Anayejichoma Insulini

Sukari ikishuka, kunywa sukari. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwenye benchi la kliniki ya kisukari nimekaa na watu wenye miaka mingi ya insulini, na ukiwauliza wakianza kutetemeka wanafanya nini, mmoja atakwambia anakula chapati, mwingine anatafuta ndizi ya kuchoma, wa tatu anamwagiza mtoto abandike wali. Chapati ina mafuta, na mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Wali mpaka uive, mwenyewe umeshaanguka. Ubongo unaendeshwa na sukari iliyomo kwenye damu wakati huo huo. Hauna akiba ya maana ya kusubiria jiko.

Nina duka la rejareja Ngamiani, hapa Tanga, na insulini nilianzishiwa nikiwa kidato cha pili. Nazungumza na mwenzangu anayejichoma, na watu anaoishi nao. Yuniti zako, yaani kipimo chako cha insulini, usizibadilishe kwa kunisoma mimi, hizo ni za kupanga na daktari wako. Ila kushuka hakungoji siku ya kliniki, hivyo ni lazima wewe na watu wako mjue la kufanya papo hapo.

Kwanza namba. Mashine nyingi za kupima sukari zinazouzwa kwetu zinasoma milimoli (mmol/L). Ikikuonyesha chini ya 4, umeshuka, na unatibu hata kama hujisikii vibaya. Chini ya 3 ni hatari, acha unachofanya, kaa chini, tibu. Kama mashine yako inasoma miligramu (mg/dL), gawanya kwa 18: 70 ni kama 3.9, na 54 ni 3. Usipokuwa na stripu, kile kipande cha kudondoshea damu kinachoingia kwenye mashine, na mikono inatetemeka, usianze kuhangaika kutafuta stripu. Jihesabu umeshuka, kunywa. Ikiwa ulikosea na sukari ikapanda kidogo, utaishughulikia jioni.

Dozi ni gramu 15, na inapimwa

Hapa ndipo duka linaponisaidia. Nilipoambiwa "kunywa vijiko vitatu vya sukari" nilikiweka kijiko juu ya mizani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kinatoa gramu 4 hivi. Kijiko cha kilima, kama wanavyochota akina mama wa chai pale sokoni, kinafika 6 au zaidi. Kwa hiyo anayesema vijiko vitatu hajasema kitu mpaka useme ni vijiko gani. Dozi ya mtu mzima ya gramu 15 ni vijiko vinne vya kusawazisha, au viwili na nusu vya kilima. Ukiwa chini ya 3, ongeza kijiko kimoja. Mtoto anahitaji pungufu, kwa uzito wake: wa kilo 20 zinamtosha gramu 6, wa kilo 30 gramu 9. Mtoto akipewa dozi ya baba yake, nusu saa baadaye mashine itasoma 14 na mama atachanganyikiwa.

Kilo moja ya sukari inatoa dozi 66 na chenji. Sijui dawa nyingine ya dharura yenye bei hiyo.

Namna ninavyoifunga: nachukua vile vichupa vidogo vya vidonge vyenye kifuniko cha kuzungusha, naviosha, naviacha juani vikauke kabisa, kisha natia gramu 15 kila kimoja. Karatasi haifai, joto na unyevu wa Tanga vinaifanya sukari igande kama chumvi ya mawe. Kimoja kinakaa mfuko wa suruali wa kulia, siku zote wa kulia, kwa sababu akili ikianza kupotea mkono unakwenda wenyewe. Kingine kiko kwenye droo ya pesa, kingine kwenye mkoba wa baiskeli, kingine kitandani chini ya mto na chupa ya maji pembeni. Natia maji kidogo kichupani, natikisa, nakunywa kwa mkupuo. Maji yakikosekana naitafuna hivyo hivyo. Watoto nyumbani wanajua kwamba vile vichupa havigusi chai hata kama kopo la sukari limekwisha.

Sasa rafu nyingine za duka, maana kila mtu ana kitu anachokiamini.

Glukosi ya unga, ile ya kopo, ndiyo bora. Sukari ya kawaida nusu yake tu ndiyo glukosi, na inabidi ivunjwe kwanza tumboni. Ile ya kopo haina cha kuvunjwa. Lakini tofauti hiyo isikufanye ukae bila chochote kwa sababu duka la dawa limefungwa.

Soda inafaa, na haifai yote. Geuza chupa usome pale walipoandika kabohaidreti kwa mililita 100. Ikiwa ni gramu 10, dozi yako ni mililita 150, si chupa nzima. Siku hizi soda nyingine zimepunguzwa sukari, kwa hiyo soma kila mara. Na zile zilizoandikwa zero au diet hazina sukari hata punje. Mteja wangu mmoja, mwenye kisukari vilevile, hunywa hizo tu kwa afya yake, na ni vyema; nimemwambia awaeleze wanawe kwamba siku akishuka wasimpe hiyo anayoipenda. Mtu anaweza kumaliza chupa mbili za zero na akaendelea kushuka.

Juisi ya boksi ni kama soda, soma lebo. Juisi ya miwa ina sukari nyingi, ila hujui muuzaji ametia barafu na ndimu kiasi gani. Dafu ni tamu lakini sukari yake ni kidogo kuliko ya soda, na mpaka apatikane wa kulikata... liache, litakuja kwa kiu. Asali, kijiko kimoja cha mezani kinatosha dozi. Pipi ngumu ni gramu chache kila moja, inabidi uzitafune kadhaa haraka, na mtu aliyeanza kuchanganyikiwa anaweza kupaliwa nayo. Biskuti, kashata, chokoleti, karanga, maziwa: vyote ni vya baadaye, kwa sababu ya mafuta au protini.

Dakika 15 ngumu

Umekunywa. Sasa hufanyi kitu. Unakaa chini, unaangalia saa, unangoja dakika 15, unapima tena. Ikiwa bado chini ya 4, dozi nyingine, dakika 15 nyingine.

Kukaa kimya hizo dakika ni kazi kuliko unavyodhani, maana njaa ya sukari iliyoshuka si njaa ya kawaida. Mwili unakuamrisha ule kila kilichopo mbele yako, na mimi niko katikati ya duka lenye maandazi. Sukari uliyokunywa tayari imo njiani, lakini kichwa hakijapata habari. Ukila ndani ya muda huo, unakula mara tatu ya unachohitaji, na saa mbili baadaye uko 17, unajiongezea insulini, jioni unashuka tena. Nimewaona watu wakizunguka hivyo wiki nzima wakidhani ni ugonjwa mpya. Dawa yake ni kuwa na dozi iliyopimwa tayari na kuondoka karibu na chakula. Mimi natoka nje kwenye benchi.

Ikifika juu ya 4 na mlo wako uko karibu, kula mlo wako kama kawaida. Ikiwa mlo uko mbali zaidi ya saa moja, kula kitu kidogo cha kukushikilia: kipande cha mkate, ndizi moja, kikombe cha maziwa, kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hapo ndipo chakula kinapoingia. Kisha andika kwenye daftari: saa, namba, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini kabla.

Baiskeli, bodaboda au gari, usipande mara tu unapojisikia nafuu. Mikono hutulia kabla ya akili. Ngoja dakika 45 tangu namba irudi kawaida, na uwe juu ya 5. Dereva wa daladala anayejichoma insulini apime kabla ya kushika usukani, na safari ikiwa ndefu, apime tena kila baada ya saa mbili.

Dalili ni zako peke yako

Vitabu vinaorodhesha jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, midomo kufa ganzi, macho kuona ukungu, kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa. Ni kweli zote, lakini hakuna mtu anayezipata zote. Yangu ya kwanza ni chenji. Nahesabu noti za mteja, nasahau nilipofika, naanza upya, nasahau tena. Mteja anadhani namchelewesha makusudi. Jasho linakuja baadaye. Mke wangu ana dalili yake anayoiona yeye kabla yangu: nikianza kubishana na mtoto juu ya jambo lisilo na kichwa wala miguu, ananiletea kichupa. Hasemi "umeshuka," kwa sababu akisema hivyo nitamkatalia. Anasema, "Kunywa kwanza, tutagombana baadaye."

Jifunze dalili yako ya kwanza, umwambie mtu mmoja wa kazini na mmoja wa nyumbani.

Wanaotumia dawa za presha za jamii ya propranololi wajue kwamba dawa hizo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho halifichwi. Ukilowa jasho chini ya feni, pima.

Jambo jingine: osha mikono kabla ya kupima. Msimu wa maembe, kidole chenye utomvu wa embe kinaweza kukuonyesha 9 wakati damu yako ni 3. Maji na sabuni, kausha, ndipo uchome. Spiriti peke yake haitoi sukari ya embe kama inavyotoa sabuni.

Na ukishuka mara kwa mara, mwili unachoka kukuonya. Mtu anashuka chini ya 3 akiwa anaongea na wewe vizuri tu, kisha anaanguka kama mti. Hilo linarekebishika: wiki kadhaa za kukwepa kabisa kushuka, kwa kukubali kukaa na sukari ya juu kidogo, huzirudisha dalili kwa watu wengi. Lakini mpango huo uufanye na daktari, yeye ndiye atakayepunguza yuniti.

Tafuta chanzo saa chache nyuma

Wengi wakishatibu wanashukuru Mungu na kuendelea na siku. Mimi nasema hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu usipojua kilichokushusha leo, kesho saa ile ile utashuka tena.

Anza na insulini yenyewe. Wengi wetu tunatumia ile ya mchanganyiko, Mixtard 30/70: sehemu 30 ni ya haraka, sehemu 70 ni ya polepole. Ya haraka inaanza kazi baada ya nusu saa na nguvu yake kubwa ni kati ya saa mbili na nne baada ya kuchoma. Ya polepole inakuja nyuma yake na inakaza kuanzia saa ya nne na kuendelea. Ukichoma saa moja asubuhi, kwenye saa tano hivi zote mbili zinafanya kazi pamoja. Ndiyo maana chai ya saa nne, ambayo kwa mwalimu ni mapumziko, kwako ni sehemu ya dawa. Ukikosa chai ya saa nne kwa sababu ya foleni ya benki, kabla ya adhuhuri utakuwa unatetemeka mbele ya dirisha la keshia. Na sindano ya saa moja jioni, ile ya polepole inakaza usiku wa manane ukiwa umelala.

Ile kanuni ya kuchoma nusu saa kabla ya kula ni kwa mtu ambaye chakula chake kiko tayari. Kwenye shughuli, mpishi akisema "chakula kinakuja," usichome. Choma ukiliona sinia.

Bomba la sindano nalo lina mtego. Bomba la mililita moja, lenye yuniti 100, kila kistari ni yuniti 2. Bomba la nusu mililita, lenye yuniti 50, kila kistari ni yuniti 1. Aliyezoea kuhesabu vistari kumi kwenye dogo, siku akiuziwa kubwa na akahesabu vistari kumi, amejichoma yuniti 20 badala ya 10. Soma namba, usihesabu vistari, na hakikisha kichupa na bomba, liwe kubwa au dogo, vyote ni vya yuniti 100 kwa mililita (U-100). Mwenye macho yaliyofifia, na kisukari hukifanya hicho, apate mtu wa kumhakikishia, au aulize kliniki kuhusu kalamu ya insulini.

Insulini nyeupe kama maziwa, ikiwemo hiyo ya mchanganyiko, ilazwe viganjani na kuviringishwa taratibu mpaka weupe uwe sawa chupa nzima. Ukivuta bila kuviringisha, leo utavuta nyepesi na kesho nzito.

Papasa tumbo lako. Ukichoma sehemu moja miaka yote, ngozi hujenga uvimbe laini usiouma, na watu hupenda kuchoma hapo kwa sababu hapaumi. Insulini inakwama humo, inatoka inapotaka yenyewe. Kisha nesi anakwambia uhame, unahamia ngozi nzima kwa yuniti zile zile, na sukari inaporomoka. Kuhama ni lazima, ila mwambie daktari kwanza, pengine yuniti zitapungua.

Halafu mwendo. Watu wa Tanga ni wa baiskeli, na mimi natoka nyumbani hadi dukani kwa baiskeli, na siku za mzigo nazunguka sana. Sichomi pajani asubuhi, kwa sababu msuli unaofanya kazi huinyonya insulini haraka. Siku hizo nachoma tumboni. Kulima, kuchota maji, kupakia magunia, mpira wa jioni, vyote vinashusha, na havishushi wakati ule tu. Misuli iliyotumika hujaza ghala lake la sukari usiku kucha, ikichukua kutoka kwenye damu. Aliyelima tangu alfajiri anaweza kushuka saa tisa usiku na asielewe kwa nini. Siku ya kazi nzito kula zaidi, pima kabla ya kulala.

Pombe nina maneno machache. Ini ndilo linalotoa sukari ya akiba unaposhuka, na likiwa linashughulika na pombe haliitoi vizuri. Hatari inaendelea mpaka kesho yake. Na ukianguka unanuka pombe, nani atakupima sukari? Anayekunywa anywe pamoja na chakula, asiende kulala bila kula, na awe na mtu anayejua.

Malaria inachanganya watu. Homa na jasho vinafanana na kushuka, na malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini ya sindano hushusha pia kwa kuisukuma kongosho itoe insulini. Ukilazwa kwa malaria, sema mara ya kwanza kabisa kwamba una kisukari, na uombe kupimwa sukari mara kwa mara. Ukitapika na huli, usiache insulini yote kwa uamuzi wako. Kunywa vitu vya sukari kidogo kidogo, pima, nenda kituoni mapema.

Sababu nyingine inakuja pole pole: figo zikichoka, insulini inakaa mwilini muda mrefu. Mtu aliyetulia miaka kwa yuniti zile zile akaanza kushuka bila kubadilisha chochote, aombe figo zipimwe. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na anayenyonyesha, nao hushuka kirahisi.

Usiku

Shuka limelowa, ndoto za kutisha, kichwa kizito asubuhi, na namba ya asubuhi iko juu ajabu: pengine ulishuka usiku. Weka saa ikuamshe saa tisa siku mbili tatu, upime. Namba hizo tatu daktari atazifurahia kuliko maelezo yako yote. Mimi nilipewa mpaka wangu: nikiwa chini ya 6 wakati wa kulala, nakula kitu kwanza. Wewe ulizia wako.

Wa nyumbani, haya ni yenu

Mwenye kisukari akianza kuropoka, kukaza macho, kucheka peke yake au kugoma kama mtoto, msimuulize maswali. Kama anaweza kumeza, mpeni sukari iliyoyeyushwa mkononi, mumshikie, anywe funda kwa funda. Atawatukana. Vumilieni, sukari ikipanda hatokumbuka.

Akiwa hajitambui, au ana degedege, msimtie kitu chochote mdomoni. Si soda, si asali, si kijiko cha kuzuia asing'ate ulimi. Kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, kichwa kiinamie kidogo chini ili mate yatoke, ondoeni vitu vya kumuumiza, na gari litafutwe wakati huo huo. Msimchome insulini. Huku kwetu pwani mtu akianguka hivyo, wa kwanza atasema ni pepo, wa pili ataleta ubani. Mwacheni aje na ubani wake baada ya dripu.

Ipo sindano ya glukagoni, inayoliamuru ini litoe sukari: miligramu 1 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa chini ya kilo 25. Kwenye maduka ya dawa ya mtaani kwetu sijaikuta, lakini kama daktari wenu amewapatia, jifunzeni kuitumia kabla ya siku yenyewe. Akizinduka huweza kutapika, ndiyo sababu ya kumlaza ubavu. Akiweza kumeza, apewe sukari kisha chakula.

Hospitalini neno la kwanza liwe: "Anatumia insulini, mpimeni sukari." Watamtia dripu ya glukosi na mara nyingi ataamka mbele ya macho yenu. Kwa anayemeza glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, msikubali kurudi naye nyumbani saa hiyo hiyo. Vidonge hivyo vinakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya masaa, hivyo abaki aangaliwe.

Ndani ya pochi yangu kuna kikaratasi: nina kisukari, natumia insulini, nikionekana kama mlevi nipeni sukari nikiweza kumeza, nisipoweza nipelekeni hospitali. Chini yake namba ya mke wangu. Nimekiandika kwa herufi kubwa, na nakala yake iko kwa muuza mkaa jirani.

Ramadhani

Aya ya 184 na ya 185 ya Suratul Baqara zinampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mwenye kisukari cha insulini madaktari wanamweka kwenye kundi la hatari kubwa. Lakini najua watu wangu, wapo watakaofunga tu. Basi mwezi wa Rajabu ukiingia, nenda kwa daktari, kwa sababu yuniti na saa zake hazibaki zile zile na zinahitaji wiki kadhaa za kuzipanga. Kula daku, na ule mwishoni mwa muda, si saa sita usiku. Pima mchana, kuchoma kidole hakufunguzi saumu, masheikh wengi wamelisema hilo. Ukikuta chini ya 3.9, au juu ya 16.7, fungua. Hata kama imebaki robo saa adhana ya magharibi. Alasiri ndiyo saa mbaya zaidi, na ndiyo saa ambayo watu wanajikaza.

Stripu zikiwa chache

Kama una stripu za kuhesabu, usizimalize zote asubuhi kabla ya chai, namba ambayo tayari unaijua. Zigawe: moja kabla ya kulala, moja saa ambayo huwa unashuka, moja kabla ya safari. Dalili zikija na stripu imebaki moja, tibu kwanza, uitumie baada ya dakika 15 kujua kama imepanda. Ukishuka mara mbili ndani ya wiki bila kujua sababu, au mara moja ukahitaji kusaidiwa na mtu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Safari ya Dar: insulini na vichupa vya sukari vinakaa nawe kwenye kiti, si kwenye buti la basi, ambako ni joto na huwezi kufika. Konda mwambie mapema, kabla ya Muheza, kwamba una kisukari na unahitaji kujua basi litasimama wapi kula. Atakwambia Segera au mbele zaidi, lakini foleni ya barabara haimsikilizi konda, kwa hiyo sindano ichomwe sahani ikiwa mezani. Beba mkate na ndizi hata kama una hela ya hoteli. Kwa safari hiyo natia mfukoni vichupa vinne: viwili vyangu, kimoja cha kuchelewa, na kimoja cha abiria mwingine, maana mara nyingi yupo.